Taa zinawaka, barabara haionekani: utajuaje kama fundi wa taa kafanya kazi sawasawa?

*"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, taa zake za mbele zinatumia globu za H4. Moja iliungua, nikapita Kariakoo, kijana mmoja akanishauri nifunge LED pande zote mbili, akasema zina mwanga mara nne na hazili umeme. Alimaliza ndani ya robo saa. Zilipogoma kuwaka alikata plagi zote mbili, akageuza nyaya, akazungushia tepu. Tangu siku hiyo nikirudi Kibaha usiku wenzangu wananipigia fulu njia nzima, na mimi mwenyewe naona karibu tu. Juzi nusura nimgonge mwendesha baiskeli asiye na taa. Mume wangu anasema tuachane na LED, tufunge globu za kawaida za wati 100. Halafu upande wa kulia taa zikiwaka muda mrefu nasikia harufu ya plastiki. Nitajuaje kama kazi ilifanywa vizuri, na fundi wa kuaminika anatambulikaje?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, nami nitaanza na lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo: harufu. Taa ya gari iliyofungwa vizuri hainuki. Ukisikia harufu ya plastiki ujue kuna mahali panachemka kupita kiasi, na mahali hapo pamezungukwa na plastiki nyingine, mipira na vumbi lililolowa mafuta. Kwa hiyo gari lisitoke usiku mpaka upande huo ufunguliwe. Mchana endesha, taa ukiwa umezima.

Unaweza kuanza kuangalia mwenyewe hapo nyumbani. Paki mahali pa wazi, vuta handibreki, acha injini iungurume, washa dimu (taa inayoinama kumulika chini, si fulu inayomulika mbali) kwa dakika kumi. Kisha zima taa, zima injini, fungua boneti, na uguse plagi inayoingia nyuma ya taa ya kulia. Gusa plagi tu. Globu na vyuma vyake viache, vinaunguza. Plagi nzima huwa na uvuguvugu basi. Kama vidole vinashindwa kukaa, au plastiki imegeuka kahawia, au tepu imelainika na gundi yake inavuja, hakuna haja ya kuendelea kutafuta. Linganisha na upande wa kushoto ili ujue tofauti.

Nadhani najua kilichotokea. Globu ya kawaida yenye uzi haijali chanya iko wapi na hasi iko wapi, umeme upite huku au kule inawaka. LED inajali. Sasa Toyota nyingi zenye H4 zina tabia yake: waya mmoja unapeleka chanya kwa nyuzi zote mbili, na swichi inachagua dimu au fulu kwa upande wa hasi. LED ya bei rahisi imetengenezwa kwa mpango ulio kinyume na huo, kwa hiyo ukiichomeka inakaa kimya au inawaka kwa kujikanganya. Zipo LED zinazokubali mipango yote miwili, na zipo adapta za kugeuza bila kugusa waya wa gari. Kijana wako hakuwa nazo, akachukua koleo.

Jaribu fulu yako leo. Gari lililogeuzwa nyaya kwa mtindo huo mara nyingi linabaki na dimu bila fulu, au zote zinawaka kwa pamoja. Kama ulikuwa hujagundua ni kwa sababu mjini fulu huitumii. Na hiyo tepu ndiyo ninayoishuku kwa harufu. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole zinagusana sehemu ndogo tu. Hewa yetu ya Dar ina unyevu na chumvi ya bahari, shaba inapata kutu ya kijani, mgusano unazidi kuwa mbaya, na umeme ukipita hapo unageuka joto. Waya wa taa ukilazimika kukatwa unaungwa kwa risasi au kwa kiungio cha kubana, kisha unavalishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Ila kwako dawa nzuri zaidi ni plagi mpya ya H4 yenye nyaya zake, zinauzwa kwenye maduka mengi ya spea Kariakoo na Gerezani, iungwe mara moja na iungwe vizuri, kwa mpangilio ule ule wa kiwandani.

Kuna mshukiwa wa pili. Watu wanaambiwa LED haina joto. Mbele ni kweli, mwanga wake hauchomi. Joto lake linatokea nyuma, kwenye mapezi ya aluminiamu na kifeni kidogo. Nyuma ya taa ya IST hakuna nafasi ya kutamba, na ile raba ya kuzuia maji inabana papo hapo. Fundi mwenye haraka anaikata raba ili kifeni kipumue, au anaitupa kabisa. Kagua kama raba zako bado zipo na ni nzima. Zisipokuwepo, masika ya kwanza tu utaona matone ndani ya kioo cha taa, na rifleta, ile bakuli inayong'aa ndani ya taa, ikishaanza kuchujuka hakuna wa kukurudishia.

Tuje kwenye kiini cha swali lako, maana hapa ndipo mafundi wengi na wateja wengi wanapotea pamoja. Mteja anapima kazi kwa kuangalia taa. Anasimama mbele ya gari, macho yanamuuma, anasema "hapo sawa", analipa. Lakini taa hiyo haikufungwa ili mtu aliyesimama mbele ya gari aumie macho. Cha kupima ni mahali mwanga unapoangukia.

Ndani ya globu ya H4 kuna nyuzi mbili. Uzi wa dimu umekaa mbele kidogo ya ule wa fulu, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya rifleta. Mwanga unaobaki unapiga nusu ya juu, nayo inaurudisha ukiwa umeinama kuelekea barabarani. Ukingo mmoja wa kikombe umekatwa kwa mshazari wa digrii 15, ndiyo maana ukimulika ukuta kwa taa nzuri unaona mstari uliolala kulia na unaopanda kushoto. Upande wa kushoto kwetu ndiko walipo waenda kwa miguu, baiskeli na vibao vya barabarani. Upande wa kulia ndiko yanakotokea macho ya watu wengine. Japani nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa ya IST yako ilishapangwa sawa tangu kiwandani. Waliovusha gari kutoka Dubai au Ujerumani, ambako wanaendesha kulia, hao taa zao zinapandisha mwanga machoni mwa wenzao hata globu ikiwa orijino, na hapo dawa ni kubadilisha taa nzima.

Mpango huo wote unategemea uzi mwembamba wa milimita chache kukaa mahali pake barabara. Ukisogea hata milimita moja, picha ya mwanga inavurugika. LED ya kuchomeka ina vipande bapa vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za kibati, na kibati kina unene wake. Rifleta haijui hilo. Inaendelea kurudisha mwanga kana kwamba uzi upo, matokeo yake mwingine unapaa juu na mwingine unamwagika mita chache mbele ya bampa. Ule unaopaa ndio unaokuletea fulu za wenzako. Ule unaomwagika karibu ndio unaokudanganya wewe. Lami ya mbele ya gari ikiwa nyeupe pee, mboni ya jicho inajibana, na mbali kunazidi kuwa giza, kama mtu aliyetoka juani adhuhuri akaingia stoo. Mwendesha baiskeli wako alikuwa kwenye hiyo stoo.

Nikupe hesabu ndogo. Dimu iliyopangwa vizuri inainama asilimia moja hivi, yaani inashuka sentimita moja kwa kila mita. Taa ikiwa sentimita 65 kutoka chini, ukingo wa mwanga unagusa barabara mita 65 mbele. Kwa kilomita 80 kwa saa unasafiri mita 22 kila sekunde, na ukijumlisha muda wa kushtuka na muda wa breki kwenye lami kavu, unahitaji mita 60 hadi 70 kusimama. Kwa hiyo hata taa nzuri kabisa ya dimu, kwa mwendo huo, inakutosha kwa shida. Taa inayomwaga mwanga kwenye mita 15 za kwanza inakuacha ukiendesha kwa kubahatisha. Na upande wa pili wa hesabu: mwanga uliopanda digrii moja tu juu ya usawa, ukifika mita 50 umeshapanda sentimita 87 zaidi ya kimo cha taa yako. Hapo umeshapita usoni pa dereva wa gari dogo, na bodaboda hasalimiki.

Sasa jaribio la ukutani, ambalo ndilo ningependa kila mteja alidai kabla ya kutoa pesa. Halihitaji mashine. Tafuta ukuta na sakafu iliyonyooka, kituo cha mafuta usiku panafaa ukiomba ruhusa. Tairi ziwe na upepo sahihi, buti liwe tupu, mtu mmoja akae kwenye usukani. Pima kwa tepu kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka alama ukutani kwa kimo hicho, kisha rudisha gari nyuma mita 5. Washa dimu. Funika taa moja kwa kitambaa cheupe kwa muda mfupi tu, angalia nyingine. Unatakiwa uone ukingo ulio wazi, juu giza, chini mwanga, na sehemu iliyolala iwe sentimita 5 hivi chini ya alama yako. Kushoto unapanda. Rudia upande wa pili, zifanane. Kama unaona wingu la mwanga lisilo na mstari, au mabaka mawili matatu, au taa moja inaangalia dari, kazi haijaisha, hata fundi akiapa kwa jina la mama yake.

Kabla hujamlaumu fundi kwa mwanga uliopanda, angalia mambo mawili. Baadhi ya magari yana kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kushusha taa kulingana na mzigo, kirudishe kwenye sifuri. Na kama siku ile ulikuwa na magunia mawili ya mkaa wa Chalinze kwenye buti, pua ya gari iliinuka na taa zikainuka nayo.

Ukiwa na globu sahihi na bado ukingo hauko mahali pake, nyuma ya taa kuna skrubu za kurekebisha, moja ya juu na chini, nyingine ya kulia na kushoto. Fundi anayejua atazigusa mwishoni kabisa. Kwanza atahakikisha globu imekaa. H4 ina masikio matatu kwenye pete yake, moja ni pana kuliko mengine na lina mahali pake juu. Ukiilazimisha ikae upande, klipu inafunga hivyo hivyo na taa inawaka, ila mwanga unakwenda kusikojulikana. Nimeona magari mengi yaliyokorogwa skrubu wakati kosa lilikuwa sikio moja la globu.

Mumeo naye nimjibu, kwa heshima. Ana haki ya kutaka kurudi kwenye globu yenye uzi, hapo naungana naye. Wati 100 ndizo siungani nazo. H4 ya kawaida ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Zile anazosema huwa 100 na 90. Dimu ya wati 55 inavuta ampia 4.6 hivi kwa volti 12, ya wati 90 inavuta 7.5. Joto kwenye kila kiungo cha waya linaongezeka kwa mraba wa umeme unaopita, kwa hiyo plagi ile ile inapata joto mara mbili na nusu na zaidi. Plagi ya IST haikuumbwa kwa hilo. Itaanza kugeuka kahawia, kisha rifleta itachujuka, kisha siku moja fyuzi itakatika Mlandizi saa nne usiku. Na hapo ndipo utamkuta msamaria wa kuweka fyuzi kubwa zaidi, au waya mtupu mahali pa fyuzi. Ukiona hivyo kwenye gari lako, toa siku hiyo hiyo. Fyuzi sahihi imeandikwa kwenye kifuniko cha boksi lake. Ikikatika kila mara tafuta sababu yake, kuikuza ni kumwondolea mlinzi bunduki.

Tena mwanga hafifu wa taa za zamani mara nyingi si kosa la globu. Yapo mawili yanayotangulia. La kwanza ni kioo cha taa. Magari haya yana kioo cha plastiki, jua la Dar limekipiga miaka, kimekuwa cha njano na ukungu. Ukungu huo unapunguza mwanga na kuutawanya, yaani unaharibu mambo mawili kwa pamoja. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache kisha ukungu unarudi, kwa sababu inaondoa tabaka la juu bila kuweka la kukinga jua. Kazi ya maana inapigwa msasa laini wa maji kwa hatua, inapolishiwa, kisha inapakwa tabaka la kukinga miale ya jua. Muulize fundi swali moja tu: "mwishoni unapaka nini?" Akisema nta ya gari, mshukuru uondoke.

La pili ni volti. Globu yenye uzi inachukia upungufu kuliko watu wanavyodhani: volti zikishuka kutoka 13.2 hadi 12 kwenye globu, mwanga unapungua zaidi ya robo. Mwambie fundi umeme apime kwa mita, injini ikiwa inaunguruma na taa zimewaka, kwanza kwenye betri, kisha kwenye plagi ya globu yenyewe. Betri itasoma kati ya 13.8 na 14.4 kama alteneta, mashine inayochaji betri, ni nzima. Plagi ikisoma chini ya hapo kwa zaidi ya nusu volti, kuna mahali umeme unapotelea: swichi iliyochoka, kiungo chenye kutu, au athi mbovu, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Magari ya Kigamboni na Msasani, karibu na bahari, athi ndiyo ya kwanza kuitazama. Kusafisha bolti moja ya athi kumewarudishia watu mwanga waliokuwa wanataka kuununua kwa LED.

Hapo ndipo nasimama kwenye uamuzi. Kwako ningetoa LED hizo, nirudishe plagi mpya, nifunge globu mbili za 60/55 za kampuni inayojulikana, nisafishe athi, nipolishi vioo, nipange taa ukutani. Nunua mbili hata kama moja tu imeungua, kwa sababu zilianza kazi siku moja na ya pili iko njiani kufuata. Ukitaka mwanga zaidi baada ya hapo, fundi mzuri anaweza kukufungia rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) na nyaya nene kutoka betri moja kwa moja, wati zikiwa zile zile. Mwanga unaoongezeka hapo ni ule uliokuwa unapotelea njiani.

Sisemi LED ni haramu. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED lina rifleta au lenzi iliyobuniwa kwa ajili yake, hilo halina tatizo. Hata za kuchomeka zinaboreka. Ujerumani mwaka 2020 waliruhusu ya kwanza itumike barabarani, lakini kwa modeli za magari zilizopimwa moja moja, gari lako lisipokuwa kwenye orodha huruhusiwi. Tofauti na hapo ni kubwa: huku boksi linaandika mwanga wa lumeni 20,000 na hakuna aliyepima. Dimu ya H4 halali inatoa takribani lumeni 1,000, na inatosha ikiwa mwanga wote unaangukia panapotakiwa.

Rangi nayo inauza sana. Namba kama 6000K haisemi mwanga ni mwingi kiasi gani, inasema ni wa rangi gani. Globu yenye uzi iliyopakwa bluu ili ionekane kama xenoni, zile taa nyeupe za gesi, imewekewa chujio, inatoa mwanga pungufu kwa umeme ule ule, na kwenye mvua ya Bagamoyo Road utajuta.

Kuhusu globu feki, usitegemee boksi, maboksi yanachapwa vizuri sana siku hizi. Angalia chuma cha chini cha globu. Panatakiwa paandikwe H4, 12V, 60/55W, na alama ya herufi E na namba ndani ya duara, ambayo maana yake imeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Alama nayo inaghushiwa, kwa hiyo tazama na kazi yenyewe: uzi umenyooka, kikombe hakijainama, kioo hakichezi kwenye chuma chake. Shika mbili, zifanane kama mapacha. Ukiuziwa feki, duka lina jina na risiti ipo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia. Bila risiti utakuwa unasimulia tu.

Fundi wa kuaminika nitakwambia ninavyomtambua mimi, na wala simwangalii ana gereji ya vigae au mwembe. Natazama mikono. Globu yenye uzi hashiki kioo, anashika chuma, au anatumia karatasi. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo yanaungua, sehemu hiyo inapata joto tofauti na kwingine, na globu inakufa mapema au inapasuka. Akikigusa kwa bahati mbaya anakifuta kwa spiriti na kitambaa safi bila kuambiwa. Anazima taa kabla ya kuchomoa. Anatazama plagi ya zamani kabla ya kuchomeka mpya, kwa sababu globu iliyoungua mapema huwa na chanzo chake. Anarudisha raba na kuibonyeza pande zote. Kisha, hii ndiyo kubwa, anatafuta ukuta bila wewe kumwomba. Kazi yote hiyo haimalizi saa moja. Anayekataa jaribio la ukutani kwa kusema "macho yangu ndiyo mashine" muage vizuri.

Wapo wazuri, tena wengi, na si haki kuwaweka vijana wote wa Kariakoo kapu moja. Sehemu ya tatizo ni sisi wateja: tunalipia taa kuwaka, hatulipii taa kupangwa, basi tunapata tulicholipia. Ongeza kidogo, sema wazi unataka zipangwe, na umpe muda. Kama huna wa kumwamini, uliza waliosomea umeme wa magari VETA, wengi wana gereji zao mjini. Gereji kubwa zenye mashine ya kupimia taa, ile yenye lenzi inayosogezwa mbele ya gari, zitakufanyia kwa uhakika zaidi ya ukuta.

Yeyote anayesoma hapa na ana taa za xenoni za kiwandani, zile zenye D2 au D4 kwenye jina, asifanye haya nyumbani. Mfumo huo unarusha zaidi ya volti 20,000 pale taa inapowashwa. Na D2 haibadilishani na D4, wala D2S na D2R si kitu kimoja hata kama zinafanana. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeifanya mara nyingi.

Mengine machache yanayokuhusu wewe. Kurudi kwa kijana aliyekufungia, rudi, umuoneshe plagi iliyokatwa na umdai gharama ya plagi, lakini usimpe kuirekebisha yeye. Trafiki akikusimamisha kwa taa zinazoumiza macho usibishane, gari lenye taa mbovu ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na kwa hali uliyoieleza atakuwa sahihi. Na wenzako wakikupigia fulu safari nzima, si ubishi wao, wanakupa taarifa bure.

Taa zikishapangwa na ukaona ukingo ulionyooka ukutani, endesha ile njia yako ya Kibaha usiku mmoja usiokuwa na mvua, kioo cha mbele kikiwa kimefutwa ndani na nje. Kama bado unaona duara za mwanga kuzunguka taa za wengine, au bado huoni mtu mpaka umkaribie, nenda kapime macho, CCBRT pale Msasani wana kliniki ya macho. Mtoto wa jicho na miwani iliyopitwa na wakati vinaanza kujionesha usiku kabla ya mchana, na fundi umeme hawezi kuvirekebisha.